Mwanangu hasemi na ana kifafa: ukoo wetu usaidie vipi utafiti wa jeni?

Swali: Assalaam alaikum. Mimi ni mama wa Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, hajasema neno la kueleweka, alitembea akiwa na miaka 3 na anapata kifafa. Baba yake ni mtoto wa ami yangu. Wifi yangu naye ameolewa na binamu yake, na ana binti mwenye hali kama hii. Muuguzi ametueleza kwamba Kilifi kuna watafiti wa jeni wanaochunguza watoto wa namna hii. Ukoo uko tayari kuchanga pesa na kutoa damu, lakini wazee wanaogopa damu kupelekwa ng'ambo. Tusaidie vipi, na sisi tutapata nini?

Jibu: Wa alaikum salaam, dada. Nianze na pesa: msichange kwa ajili ya vipimo vya utafiti. Utafiti halali haumtozi mshiriki hata shilingi, na nauli hurudishwa. Mlicho nacho ninyi ambacho maabara haiwezi kununua ni vitu vitatu vikiwa pamoja: maelezo kamili ya mtoto, sampuli za mtoto na wazazi wake wawili, na nasaba ya ukoo iliyoelezwa bila kufichwa kitu. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki hupungua nguvu sana.

Kabla ya jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo mwilini), mtoto apimwe yale yanayopimika hospitalini. La kwanza ni masikio, kwani mtoto asiyesema huenda hasikii, na anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja. La pili ni homoni ya tezi ya shingo. Upungufu wake hudumaza ubongo na una dawa ya bei nafuu, ingawa dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa utotoni kabisa. La tatu ni habari za kuzaliwa kwake na maradhi ya utotoni: alichelewa kulia? Alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani? Usiogope kusema kweli ukidhani mtoto atakataliwa. Mtoto anaweza kuwa alichelewa kulia na bado awe na tatizo la jeni. Tena wakati mwingine ni udhaifu uliotokana na jeni ndio uliomfanya asivute pumzi vizuri alipozaliwa.

Sasa maelezo ya mtoto. Tafuta kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kama kimepotea, andika unayoyakumbuka kwenye daftari moja, na pale unapokisia andika kwamba unakisia. Mimba ilikuwa na miezi mingapi alipozaliwa, alikuwa na uzito gani, wewe ulikuwa ukinywa dawa gani, alikaza shingo lini, alikaa lini, alitembea lini. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, watoto wazima hukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na takriban 18. Wako alichelewa sana, kwa hiyo andika mwezi wenyewe kadiri uwezavyo. Kuna swali moja lenye uzito kuliko yote hayo: je, kuna jambo alilokuwa analiweza kisha likapotea? Mtoto aliyekuwa akiita "mama" akaacha, au aliyekuwa akishika kijiko na sasa hakishiki, yumo katika kundi tofauti la magonjwa na yule ambaye hakuyaweza tangu mwanzo. Wazazi wengi hulisahau hili kwa kuwa yalipotea polepole. Waulize bibi zake na majirani.

Kifafa kipigeni video kwa simu. Mtu mmoja amlaze mtoto ubavu na asimtie kitu mdomoni, mwingine arekodi. Ondoeni shuka, washeni taa, na simu iwe mbali kiasi mwili wote uonekane, kuanzia macho hadi vidole vya miguu. Anayerekodi aseme kwa sauti saa ilipoanza, upande gani umeanza kutikisika, na kama mtoto anaitika akiitwa jina. Ikifika dakika 5 haijakoma, acheni video mumkimbize hospitali. Namna kifafa kinavyoanza ndiyo inayomwonyesha mtaalamu atazame jeni zipi kwanza, na jambo hili linagusa tiba pia. Mabadiliko katika jeni iitwayo SCN1A yanaweza kuleta kifafa kikali kinachoanza kabla ya mwaka mmoja, mara nyingi kwa degedege ndefu zenye homa. Kwa watoto hao, karbamazepini na fenitoini, dawa zinazowafaa wagonjwa wengine wengi, huweza kuzidisha kifafa. Haina maana kwamba umwachishe mwanao dawa. Kuacha ghafla kunaweza kuua. Maana yake ni kwamba tarehe ya degedege la kwanza, na dawa ipi ilimpunguzia au kumzidishia, ni habari za thamani kubwa.

Mpimeni kichwa pia. Chukueni futi ya fundi isiyovutika, ipite juu ya nyusi na pale kisogo kilipojitokeza zaidi, mpime mara tatu na kuandika kipimo kikubwa. Pimeni na vichwa vya baba na mama, maana kuna koo zenye vichwa vikubwa au vidogo bila ugonjwa wowote. Kisha tazameni ngozi mwili mzima. Mabaka 3 au zaidi yaliyopauka, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 au zaidi, yanaweza kuwa dalili ya tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaoleta uvimbe mwilini na kifafa. Mabaka 6 au zaidi ya rangi ya kahawa yenye maziwa huelekeza kwenye ugonjwa mwingine. Vipimo hivi havigharimu kitu.

Kitu cha pili ni nasaba, na hapo watu wa Amu (Lamu) mna utajiri. Chukueni karatasi kubwa na mchore vizazi vitatu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari mmoja kuunganisha mume na mke, na mistari miwili sambamba kama wana damu moja. Mwenye ugonjwa atiwe wino ndani. Aliyefariki akatwe kwa mstari wa mshazari na umri wake uandikwe. Mimba zilizoharibika nazo zichorwe, na hizi ndizo zinazofichwa zaidi. Wafichwao wengine ni watoto wa mke mwingine, mtoto aliyelelewa kwa jamaa, na mtoto aliyekufa siku chache baada ya kuzaliwa akasahauliwa. Wote waingie. Ndugu wa kunyonya, ambao kwa sheria ya dini hawaoani, msiwaweke kama ndugu wa damu kwenye mchoro huu, kwa sababu jeni hazipiti kwa maziwa. Wakiingizwa kimakosa, hesabu yote ya urithi inapinda.

Hapo nifike kwenye binamu, kwa kuwa naamini ndilo swali lililo nyuma ya swali lako. Kila mtu ana jeni zake karibu zote nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kila mmoja wetu, pamoja na mwenye afya kamili, amebeba nakala kadhaa zenye kasoro, na hazimdhuru kwa kuwa nakala ya pili inafanya kazi. Mume na mke wa ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ileile, waliyoirithi kwa babu mmoja. Katika ndoa zisizo za jamaa, watoto kama 2 hadi 3 katika 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa watoto wa binamu wa kwanza ni kama 4 hadi 6. Kwa hiyo wengi mno wa watoto wa binamu ni wazima. Lakini pale ambapo baba na mama wamethibitika kubeba kasoro ileile, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Mimba iliyotangulia haiipunguzi nafasi hiyo wala haiiongezi.

Hata hivyo usijihukumu mapema. Kila mtoto anayezaliwa, wa binamu au wa watu baki, huja na mabadiliko mapya ya DNA (maandishi ya urithi yanayounda jeni), kati ya 40 na 80 hivi, ambayo wazazi hawana. Karibu yote hayana madhara, ila moja likiangukia jeni muhimu ya ubongo huleta ugonjwa mzito. Likiwa ni hilo, hakuna aliyemrithisha mtoto, na nafasi ya kujirudia kwa mtoto mwingine ni kama 1 katika 100. Kwa sura ya ukoo wako, mvulana na msichana kutoka ndoa mbili za binamu, mtaalamu atashuku kwanza urithi wa nakala mbili. Lakini kushuku si kuthibitisha. Watoto wawili wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa.

Na hii ndiyo sababu ukoo wenu una uzito wa pekee katika utafiti. Watoto wote wawili wakiwa na ugonjwa mmoja, basi vipande vya DNA wanavyofanana kwa nakala zote mbili ni vichache, na kasoro imo katika kimojawapo. Badala ya kutafuta katika jeni takriban 20,000, mtafiti anabaki na sehemu ndogo. Kwa hiyo mshawishini wifi yako na mumewe waje nanyi. Watoto wawili na wazazi wanne ni sampuli 6, na hizo 6 zikifika pamoja zina manufaa kuliko sampuli 30 za jamaa waliochukuliwa ovyo. Ndugu wazima wa watoto hao wanafuata kwa umuhimu, kwa sababu kasoro inayoshukiwa ikikutwa kwa ndugu mzima kwa nakala zote mbili, inaondolewa kwenye orodha.

Sampuli zenyewe hazina makuu. Damu ni mililita 2 hadi 5 tu, isiyozidi kijiko cha chai, ndani ya chupa ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia kuganda. Makosa ya kawaida ni mawili. Moja, chupa haikupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 baada ya kujazwa, damu ikaganda na DNA ikatoka kidogo. La pili ndilo baya: chupa kuandikwa jina au namba baadaye mezani badala ya mbele ya mtoto, zikabadilishana. Mna haki ya kutazama kibandiko kikibandikwa, na naomba mfanye hivyo. Kutoka Lamu chupa itavuka kwa boti hadi Mokowe, bara, kisha ishike njia ya barabara, kwa hiyo inasafiri kwenye kasha la baridi bila kugusana na barafu yenyewe. Ikiganda kwa barafu chupa huweza kupasuka.

Wapo wanaochukua mate badala ya damu. Ni mililita 2 za mate matupu, povu halihesabiwi, na kwa nusu saa kabla mtu asile, asinywe, asivute sigara. Wazee watafunao tambuu wasukutue kwanza, kisha wasubiri hiyo nusu saa. Mtoto asiyeweza kutema hupanguswa kwa sifongo ndogo ndani ya shavu, mara kadhaa. Mate hukaa siku nyingi bila baridi kwa kuwa kichupa kina dawa ya kuhifadhi, na ndiyo njia inayofaa kwa baba aliye baharini au aliyeko Arabuni. Ila watafiti wenyewe ndio wapange namna ya kumfikia. Msitume sampuli kwa basi kwa mkono wa mtu. Kama mzazi mmoja amefariki, njooni hivyo hivyo, ila semeni mapema, maana uchambuzi unabadilika.

Sasa hofu ya wazee. Wako sahihi kuuliza, na watafiti waaminifu hulipenda swali hili. Kwa Pwani, watafiti wanaojulikana ni wa programu ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (shirika la hisani la Uingereza), iliyoanza Kilifi mwaka 1989 na iko jirani na hospitali ya kaunti. Mradi mkubwa wa jeni za ukuaji wa ubongo uliofanyika hapo unaitwa NeuroDev, ulioandikisha familia Kilifi na Cape Town, na kazi ya kusoma DNA ikahusisha taasisi ya utafiti ya Broad Institute ya Marekani. Kwa hiyo ni kweli kwamba sampuli zinaweza kuvuka bahari. Ila hazivuki kiholela. Utafiti lazima upitishwe na kamati ya maadili, uwe na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na sampuli zinazotoka nchini ziwe na mkataba unaosema zitatumika kwa nini na nani hana ruhusa ya kuzitumia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya jeni kuwa data nyeti. Kinachosafiri kinapaswa kuwa na namba, si jina la mwanao.

Kwa hiyo ukipewa fomu ya idhini, iombe kwa Kiswahili, rudi nayo nyumbani, isomwe mbele ya wazee, usitie saini siku hiyo hiyo kwa kuona haya. Tafuta ndani yake mambo haya, na lisipokuwamo uliza: sampuli itahifadhiwa miaka mingapi na wapi? Itaruhusiwa kwa utafiti mwingine wa baadaye? Majibu yatarudishwa kwetu, na nani atakayetueleza? Mnaweza kutupigia tena? Tukijitoa, nini kinaharibiwa na nini hakiwezi kurudi? Mara nyingi sampuli iliyobaki huweza kuharibiwa, ila data iliyokwisha kuchambuliwa haitolewi tena, na ni bora mlijue mapema. Sehemu ya kuruhusu kupigiwa tena, nashauri mkubali. Ukikataa hapo, jibu likipatikana baada ya miaka 4 hakuna njia ya kukufikia. Jambo moja zaidi, nalisema kwa heshima: kulinganisha mtoto na wazazi kunaweza kufichua nani si mzazi wa damu. Uliza fomu inasema nini, kwani tafiti nyingi huweka wazi kwamba habari hiyo haitolewi kwa yeyote.

Utapata nini? Huenda jina la ugonjwa, huenda usipate. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza wa watoto wenye matatizo ya ukuaji, zaidi ya familia 13,000, jibu lilipatikana kwa kama watoto 41 katika 100, na hilo lilichukua miaka. Jibu la maabara ya utafiti pia si cheti. Lazima lithibitishwe kwa sampuli mpya katika maabara ya tiba kabla halijatumika kuamua dawa au uzazi.

Jibu linaloumiza watu zaidi ni lile la katikati: "mabadiliko yamepatikana lakini maana yake haijulikani." Usiache dawa, usimwache mume, usifunge kizazi kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo. Hutokea mara nyingi kwa Waafrika kwa sababu orodha za dunia zimejaa DNA za watu wa Ulaya. Badiliko lisiloonekana Ulaya linaonekana la ajabu, kumbe labda ni la kawaida kwa Wabajuni au Wagiriama wazima. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jeni za Waafrika, walisoma DNA za watu 426 tu kutoka makabila 50, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa. Ndiyo maana NeuroDev ilipanga kuchukua watoto 1,800 wenye matatizo na idadi inayokaribia hiyo ya wasio nayo. Jirani mwenye mtoto mzima akikubali mtoto wake achukuliwe kama wa kulinganisha, anakusaidia wewe moja kwa moja, maana kwa DNA yake daktari ataweza kusema: hili lipo kwa wazima, si lenyewe. Wahimizeni hao pia.

Na yapo matunda. Jeni ya ugonjwa wa Rett, unaodumaza ukuaji wa ubongo na kuwapata zaidi wasichana, ilipatikana mwaka 1999, na familia chache zenye mgonjwa zaidi ya mmoja ndizo zilizoonyesha sehemu ya kutafuta. Mwaka 2007 wanasayansi wa Edinburgh walionyesha kwa panya kwamba dalili zinaweza kurudishwa nyuma. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza. Haiponyi, inapunguza baadhi ya dalili, na ni ghali mno. Ni miaka 24 kutoka jeni hadi dawa. Nakwambia hivyo ili usisubiri utafiti ndio umwanzishie mtoto mazoezi.

Pesa za ukoo basi zielekezeni huko: mazoezi ya kusema na ya viungo, dawa za kifafa zisikatike hata siku moja, nauli ya kumpeleka kituo cha tathmini ya elimu cha EARC apangiwe shule, na kumsajili kama mtu mwenye ulemavu. Zikibaki, lipieni nauli familia nyingine ya visiwani isiyoweza kuvuka. Msinunue vipimo vya asili ya ukoo vinavyouzwa mtandaoni. Hivyo husoma vituo vichache vya DNA vilivyochaguliwa na haviwezi kutafuta ugonjwa wa mwanao.

Kwa kuanza, nenda kliniki ya watoto ya hospitali ya King Fahd, Lamu, uombe barua ya rufaa inayotaja dalili zote na ndoa ya binamu, kisha ulizeni Kilifi ni utafiti gani unaopokea watoto kwa sasa. Nendeni na daftari, video, mchoro wa nasaba, maboksi ya dawa anazotumia na picha za ubongo kama alipigwa. Siku ya kuandikishwa toeni namba mbili za simu, yako na ya mtu wa ukoo asiyehamahama, na mkibadili laini wapigieni muwaambie. Ukipata mimba kabla majibu hayajaja, wapigie wiki hiyo hiyo, kwa kuwa kuna mambo yanayoweza kuangaliwa mapema ambayo baadaye yatakuwa yamepitwa na wakati.